Marfaa Iliyorudi

Wiyoni, Lamu
Jumatano, Mfungo Saba

Kwa ndugu yangu Shuaib,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Kabla ya jambo lolote nauliza hali yako, hali ya mkeo Bi Sundus na hali ya watoto. Kile kifua cha mdogo wenu kimetulia, au upepo wa huko Mkokoni mlikohamia umekizidisha? Huku kwetu tunasema alhamdulillahi kama tunavyotakiwa kusema, ingawa siku hizi neno hilo hunitoka kwa shida. Majirani wazima. Bi Zamzam bado anagombana na punda wa watu kwa sababu ya maua yake ya barazani, na punda bado wanamshinda. Amenituma nikupe salamu, na amesema baraza haina mtu wa kumchekesha tangu uondoke.

Najua ukiuona mwandiko huu utataka kuutia motoni. Tafadhali usiutie. Nimekupigia simu hata nikajua kwamba nambari yangu umeifungia, wala sikulaumu, mimi ningeifunga mapema zaidi. Ndiyo maana nimempa waraka huu Bwana Ghassan, anayekuja huko kununua samaki, nikamwapisha akukabidhi mkononi. Usome mwenyewe, mpaka mwisho. Siandiki kwa ajili yangu. Baba yu kitandani, nusu ya mwili wake imelala, na kuna neno moja analolihitaji kutoka kwako kabla siku zake hazijaisha. Nitakufikisha kwenye neno hilo. Lakini nikilianza hapa utadhani nakuomba kwa sababu ya ugonjwa tu, na haki yako ni kubwa kuliko ugonjwa.

Katika biashara yetu wewe ulikuwa mfungaji wa mizigo, upande wa maboksi na kamba. Upande wa simu ulikuwa wangu, na mambo yake hukuyaona. Basi leo nakuonyesha.

Unakumbuka nilivyorudi nyumbani na talaka yangu, nikawa nashinda dirishani kama nguo iliyosahauliwa kuanuliwa. Kisha nikaanza kuzipiga picha marfaa anazochonga Baba na kuziweka mtandaoni kuziuza. Watu wa Mombasa na wa bara wakastaajabu kwamba ubao mmoja hupasuliwa katikati, ukakunjuka, ukasimama kwa miguu yake na kubeba Msahafu. Niliandika juu kabisa ya ukurasa wangu: ubao mmoja, bila gundi, bila msumari. Mwaka huu, Rajabu na Shaabani, maagizo yalimiminika hata nikawa najibu ujumbe huku nakuna nazi. Mwanamke aliyeachwa hupewa majina mengi katika mitaa yetu. Mimi nilipewa la Fahima wa Marfaa, na nililipenda kuliko nilivyompenda yule mume.

Lalamiko la kwanza lilikuja ndani ya Ramadhani, kutoka kwa mwanamke wa Nairobi aitwaye Nkatha, aliyemnunulia mwenziwe wa kazini zawadi. Alinitumia picha ya marfaa imelala mezani vipande viwili, imekatika kwenye kiungo. Nilimjibu kwa uzuri. Nilimwomba radhi, nikamwambia bahari na barabara hazina adabu, nikamwahidi nyingine. Akashukuru. Wa pili nikamjibu vivyo hivyo, maneno yale yale, nimeyanakili tu na kubadilisha jina. Walipozidi nikajifanya mjanja: nikawa naomba picha ya boksi kwanza, kwa kuwa boksi lililobonyea lingenipa la kuwaambia watu wa basi. Shuaib, hakuna boksi hata moja lililobonyea. Yote yalifika mazima, pembe zimekaa, selotepu yako imenyooka, na ndani yake marfaa imekatika.

Hapo mwenye akili angekaa akafikiri. Mimi nilikuwa na watu wanaosubiri majibu, na sifa yangu mtandaoni ilikuwa kujibu upesi. Wote nikawaambia tunakutumia nyingine. Na kila niliposema hivyo nilishuka chini kwa Baba, nikamwambia mwingine kaharibikiwa huko safarini, nataka badala yake kabla ya Ijumaa. Baba hakuniuliza hata siku moja imevunjika vipi. Alisema inshallah, akavuta ubao mwingine. Nami nikaona nina baba mvumilivu, nikapanda juu kuendelea na simu.

Aliyenitia wazimu ni Bi Razan wa Malindi. Yeye aliandika hadharani, chini ya picha zangu, kwamba watu wa Lamu tunauza vitu vibovu kwa jina la dini, na kwamba fundi anayemdhulumu msomaji wa Msahafu atajibu kwa Mola wake. Maneno yake yakapendwa na watu wengi kuliko picha zangu zote. Niliingiwa na hofu, na hofu yangu unaijua, hutoka ikiwa imevaa nguo za hasira. Nikamjibu hapo hapo kwamba marfaa zetu hutoka mikononi mwa fundi zikiwa nzima, kwamba kosa ni la mfungaji wa mizigo, na kwamba tutamchukulia hatua. Jina sikulitaja, lakini Lamu nzima ilijua mfungaji wangu ni nani.

Siku niliyokuita barazani unaikumbuka, wala sina uso wa kuirudia yote. Ulisema jambo moja tu, kwamba kitu hakivunjiki ndani ya boksi zima. Nikakwambia basi umekiri, unaziangusha mwenyewe, ukaogopa kusema, ukazifunga hivyo hivyo. Ukaniangalia. Ukamwangalia Baba, aliyekuwa amesimama mlangoni na patasi yake. Nikakwambia kikulacho ki nguoni mwako, nikakwambia fadhila za punda ni mateke, na kama hayo hayakutosha nikalitaja ziwa la Mama, kwamba alikunyonyesha alipougua mamako na leo umeliuma ziwa lile lile. Mama, Mungu amrehemu, angelinisikia angelinipiga mbele za watu.

Baada ya Idi nilikwenda kwa Maalim Hamdu kumtaka asome Halbadiri, ile dua ya kumwapiza mkosaji. Hili la kwenda wewe unalijua, lakini hujui kwamba Maalim alinizuia. Aliniambia Halbadiri si bakora ya kuchapia mtu uliyemkasirikia, na kwamba anayeiomba hajui itakapoangukia. Alinishauri nisubiri, nizungumze na watu wa nyumbani kwangu. Nilimwambia nimesubiri ya kutosha. Akakubali kwa shingo upande, akaniuliza nataka isomwe juu ya nani. Nikasema juu ya yule aliyezivunja marfaa zangu kwa mkono wake kisha akaficha. Maneno hayo niliyachagua mwenyewe, nikayaona mazuri.

Tulisomea ukumbini kwetu. Wanaume mlikaa mkekani, ubani ukifuka, mimi na Bi Zamzam tukiwa nyuma ya pazia. Jicho langu lilikuwa juu yako tangu mwanzo mpaka mwisho. Kila Maalim alipoomba, watu waliitikia Amin, na wewe midomo yako haikufunguka hata mara moja. Nikamnong'oneza Bi Zamzam amtazame mwenye hatia, hathubutu kuitikia. Sauti iliyozipita zote ilikuwa ya Baba. Alikuwa akiitikia kama kijana, hata Maalim akageuka kumtazama. Nikafurahi. Nikadhani yuko upande wangu.

Hamkukawia mkahama, wewe na Bi Sundus na watoto. Nikawatangazia majirani kwamba mkimbizi amejihukumu mwenyewe.

Basi nikawa nafunga mwenyewe. Nilizivika marfaa taulo, magazeti, na ile plastiki yenye mapovu ya hewa, mpaka Bi Zamzam akaniuliza kama nasafirisha mbao au mayai. Nilizipeleka hadi gati kwa mikono yangu, nikakaa nazo kwenye boti mpaka Mokowe, nikazipakia katika basi nikiangalia. Zikavunjika vile vile, pale pale. Nikasema ni watu wa basi. Nikasema ni hasadi. Kila mtu nilimwona ila aliyekuwa chini ya sakafu ninayolalia.

Wauzaji wengi wa mtandaoni, kitu kikifika kimevunjika, humwambia mnunuzi akitupe, wakamalizana. Mimi nami niliwaambia hivyo, upumbavu gani huo, na kila Muislamu ajua kitu kilichochongewa Msahafu hakitupwi jaani. Bi Razan hakukitupa. Pamoja na ukali wake wote alikiweka juu ya kabati tangu Ramadhani, na Maulidi yalipofika akaja nacho Lamu. Nilisikia hodi, nikafungua, nikamkuta mwanamke mfupi wa makamo, amebeba marfaa iliyofungwa kwa kanga safi. Aliniambia kwamba pesa zake amenisamehe, ila kitu hiki hana pa kukiweka, na ni haki kirudi kwa fundi wake akizike anavyojua. Nilimkaribisha ndani. Hakukubali hata maji.

Picha za simu hazishikiki, ndugu yangu, wala hazinusiki. Nilipoishika marfaa ile mkononi nikaona nilichokuwa sijakiona kwenye picha zote zile. Penye mkatiko palikuwa na gundi iliyokauka, imechanganywa na unga wa mbao ili ifanane na mti, na juu yake pamepakwa mafuta. Ilikuwa imevunjika kabla ya kuondoka nyumbani kwetu. Huko safarini gundi iliachia, basi. Na ndani ya kiungo, mahali ambapo mtu hatazami kama hajui, palikuwa na kitambaa laini kimezungushwa mara nyingi ili kuyashikilia meno ya mti yasicheze. Kitambaa kile nilikijua. Ni kipande cha leso ya Bi Sundus, ile ya mabaka mekundu aliyokuwa akijitanda akija kwetu.

Ulijua, Shuaib. Ulikuwa ukizipokea kwa Baba zimeungwa, nawe ukizifunga kama mtu afungavyo jeraha, ili zifike. Ulitukanwa barazani naye amesimama pale, na ukanyamaza. Ulisomewa Halbadiri na hukuitikia, kwa kuwa ulimjua itakayemwangukia. Nilikaa kitako sakafuni nikalia mpaka Bi Zamzam akaja kuuliza nani amekufa.

Nilishuka nayo chini kwa Baba. Nilisimama mlangoni. Alikuwa ameshika patasi kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto umeushika ule wa kulia ili utulie. Nimepita mlango ule kila siku na simu mbele ya uso wangu, sikuwahi kuona. Niliiweka marfaa juu ya meza yake ya kazi. Alipitisha kidole gumba juu ya mkatiko, akaniambia mkono wake haumtii tangu mwaka uliopita. Maua anaweza kuchonga, maua husamehe. Kinachomshinda ni pigo la mwisho la kufungua kiungo, patasi inapotakiwa kusimama pale pale, maana mkono ukitikisika kidogo meno hukatika. Alitaka kuniambia. Lakini kila alipotaka nilikuwa nimeshuka na maagizo mapya, nacheka, na tangu niachwe hakuwa amenisikia nikicheka. Akaona bora anunue gundi.

Nikamuuliza habari ya Halbadiri. Aliiweka patasi chini. Kisha akasema aliposikia maneno niliyoyachagua alijua ni yake. “Nalitaka inishukie mimi, mwanangu,” akaniambia, “isipotee ndia ikampata Shuaib.” Ndiyo sababu ya kuitikia kwa sauti ile. Akaniambia dhambi kubwa kwake si gundi, ni kusimama mlangoni na kuniacha nikutukane. Akaniagiza, “Mwandikie aye, nimtake radhi kwa ulimi wangu.”

Na hapa ndipo ninapoona haya zaidi. Mengine yote ulikuwa unayajua, au uliyakisia. Hili hulijui. Baba aliniagiza nikuite siku ile ile, naye ana ulimi wake na miguu yake. Nikasema inshallah. Nikawaza Lamu ikijua kwamba Fahima wa Marfaa aliuza gundi, akamfukuza nduguye wa ziwa, akamsomea babake Halbadiri, nitapita wapi. Nikasema kwanza nimalize maagizo haya. Nikasema wageni wa Maulidi waondoke. Kila asubuhi Baba aliniuliza kama nimekupata, na kila asubuhi nilimwambia simu yako haishiki. Nilikuwa bado sijapiga, Shuaib. Nilimtazama babangu usoni nikamwambia haishiki, naye akasema basi tujaribu kesho.

Asubuhi moja hakuniuliza. Nilimkuta ameanguka kando ya meza yake, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umekufa. Siku hiyo ndipo nilipokupigia kweli, na ndipo nilipojua umenifungia. Daktari amesema ni presha iliyopanda siku nyingi bila dawa, na mimi sibishani na daktari. Maalim Hamdu naye ameniambia Mungu si mtumwa wa hasira zangu, nisijifanye kujua hukumu Yake. Huyo pia sibishani naye. Lakini mkono ulioanguka nauona kila siku nikiuosha.

Nimefanya niliyoyaweza, ingawa maji yakimwagika hayazoleki. Nimewaandikia wanunuzi mmoja mmoja, safari hii bila kunakili. Nimewaambia marfaa hazikuvunjwa na bahari wala basi, ziliondoka hapa zikiwa zimeungwa, na mfungaji wetu hana kosa. Pale nilipokuchafua hadharani nimelitaja jina lako kamili na kukuomba radhi, watu wote wasome. Nkatha alinijibu kwamba alikuwa anajua tangu alipoliona boksi zima, alikuwa akingoja tu siku nitakayomwambia kweli. Bi Razan hajajibu. Ukurasa nimeufunga. Barazani watu wananisalimu kwa ufupi, na wana haki.

Sasa nakuja kwenye neno lenyewe. Baba hasemi tena. Ulimi umekwenda pamoja na mkono, isipokuwa neno moja ambalo ugonjwa umemwachia. Akitaka maji husema Amin. Akiumwa husema Amin. Ukimuuliza jina lake atakwambia Amin. Wanaokuja kumtazama hufurahi, husema mashallah, mzee huyu mwisho wake ni mwema, ulimi wake haujui ila dua, na wengine huleta watoto wao wamsikie. Mimi hutoka nje. Alichoniambia kule chini sijamwambia mtu, wewe ndiye wa kwanza. Ni mimi tu ninayejua kwamba dua anayoiitikia ni ile Halbadiri, na kwamba kichwani mwake bado haijamalizika kusomwa.

Sikuombi unisamehe mimi. Langu liache, likikaa miaka likae. Nakuomba uje kwa Baba. Kama hutaki kuuona uso wangu, nitahamia kwa Bi Zamzam mpaka utakapoondoka. Kama kuja huwezi, mpigie Bi Zamzam, atamwekea Baba simu sikioni. Mwambie tu kwamba umemsamehe. Waraka huu nimemsomea kabla ya kuufunga. Nilipofika kwenye jina lako machozi yalimtoka jicho moja, lile linaloweza, akasema neno lake. Nawe atakujibu kwa neno hilo hilo, hana jingine. Lakini safari hiyo litakuwa limepata dua yake.

Nisalimie Bi Sundus na uwabusu watoto. Kile kipande cha leso nimekifua, nimekitia humu ndani ya bahasha, ni mali yake. Bwana Ghassan atarudi Lamu Jumamosi na nafasi ya mtu mmoja ameiweka katika boti. Nitakuwa gatini, au sitakuwa, utakavyotaka wewe.

Wassalamu alaikum.

Mimi dada yako wa ziwa moja, kama bado waniita hivyo,
Fahima binti Mahdi